Bunduki ya upepo nayo yataka kunolewa

Katika silaha zote zilizowahi kuitwa bunduki, hakuna iliyodharauliwa kama bunduki ya upepo. Haina baruti, haina moshi, na mlio wake hauzidi wa mlango uliofungwa kwa hasira. Watu wengi huihesabu kuwa mwanasesere, kitu cha kumpa mtoto aliyefaulu mtihani. Na dharau hiyo ndiyo iletayo madhara, kwani mtu hakitunzi akidharaucho. Njiwa aliyepigwa ovyo na mwanasesere huyo hafi pale pale. Huruka na kidonge chake mwilini, akajificha katika ua wa michongoma, akateseka huko hata roho ikamtoka, wala hakuna aliyefaidika naye. Ama huanguka akiwa mfu, mpigaji akamwokota kwa furaha na kumpeleka jikoni, asijiulize kama nyama ile yamhalalikia.

Haya mawili, mateso ya kiumbe na uhalali wa chakula, ndiyo yaliyotufanya tuitoe bunduki hii katika kundi la wanasesere tuizungumze kwa utaratibu. Tutasema imeundwaje, ipi yafaa kuliko ipi, husawazishwa namna gani hata imtii mwenyewe, na mwisho dini na sheria zasemaje. Yote hayo, ndugu msomaji, yana mzizi mmoja nao ni huu: bunduki ya upepo haipimwi kwa nguvu bali kwa utiifu.

NCHI YA MAHINDI

Tutaliangalia jambo hili tukiwa tumesimama Tongaren, mbali na bahari. Tongaren iko katika Kaunti ya Bungoma, upande wa kuelekea Kitale. Zama za ukoloni ardhi hiyo ilikuwa katika nyanda walizotengewa walowezi wa Kizungu. Ulipofika uhuru mwaka 1963, mashamba makubwa ya huko yalikuwa yamekwisha kuanza kukatwa vipande na kugawiwa wakulima wadogo katika mipango ya makazi. Leo ni nchi ya mahindi, maharagwe, alizeti na wimbi, na wengi wa wenyeji wake ni Wabukusu.

Mkulima wa nchi kama hiyo ana maadui wenye mabawa. Mbegu ikitiwa tu ardhini, kunguru huja kuifukua. Alizeti ikianza kuinamisha kichwa, minana na tetere huipukusa. Papai likiiva, kuzumburu hulitoboa kabla ya mwenyewe kulionja. Mtoto akipiga debe asubuhi nzima, ndege huondoka na kurudi. Hapo ndipo mtu huanza kuiwazia bunduki ya upepo, akadhani ameipata tiba.

Msomaji wa Mombasa au Lamu asidhani hayo hayamhusu. Huku kwetu kunguru mwembamba mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili ale taka za mjini, amekwisha kuenea pwani yote. Huiba vifaranga na kuvunja mayai ya ndege wengine. Huku nako wako wanaoiwazia bunduki hiyo hiyo. Tena baina ya pwani na nchi ile pana njia ya zamani. Misafara ya Waswahili ilifika Mumias, mji wa Nabongo Mumia, katika karne ya 19, na kutoka huko Uislamu ukatia mizizi magharibi ya Kenya. Misafara hiyo hiyo ilipeleka vitambaa na shanga, na pamoja navyo ikapeleka bunduki.

NENO LENYEWE

Na hili neno bunduki lina kisa chake. Kwa Kiarabu, *bunduq* ni aina ya kokwa, tunda dogo gumu la mviringo. Jina hilo lilitoka kwa Wayunani, walioliita kokwa la Ponto, yaani nchi za Bahari Nyeusi. Kisha Waarabu wakaviita *bunduq* vidonge vya udongo uliokaushwa, vilivyokuwa vikirushwa kwa upinde maalumu kuwindia ndege. Mchezo huo ulipendwa na wakubwa. Khalifa al-Nasir wa Baghdad, aliyetawala tangu 1180 hata 1225, aliutia katika kanuni za chama cha waungwana wake. Sultani Baybars wa Misri aliitwa al-Bunduqdari kwa kunasibishwa na bwana wake wa awali, na bunduqdari ni mbeba upinde wa vidonge. Baruti ilipokuja, jina la kidonge likahamia kwenye chombo kipya, likatufikia sisi likiwa bunduki. Wako wasemao kwamba jina limetoka Venice, mji ambao Waarabu huuita al-Bunduqiyya, lakini vidonge vya udongo vilikuwa na jina hilo kabla ya baruti kujulikana.

Basi tazama ajabu hii. Bunduki ya upepo, inayodharauliwa na wenzake, ndiyo iliyo karibu zaidi na maana ya asili. Haina moto. Hurusha kidonge kidogo kwa nguvu ya kitu kilichokunjwa kikaachiwa, kama upinde. Hili tuliweke akilini, kwani tutakapofika kwenye hukumu litatufaa.

PAMPU YA BAISKELI ILIYOPINDULIWA

Anayeijua pampu ya baiskeli amekwisha kuijua nusu ya bunduki hii. Ndani ya pampu mna bomba, na ndani ya bomba mna fimbo yenye ngozi mwishoni. Mkono ukisukuma, ngozi huubana upepo, nao hutoka kwa tundu dogo. Katika bunduki ya upepo bomba limo nyuma ya mtutu, fimbo ni pistoni nzito ya chuma, na mahali pa mkono wako pana springi kubwa. Unapoitia bunduki, springi hukunjwa na pistoni hurudi nyuma ikashikwa na kifyatulio. Kidole kikivuta, springi hufunguka, pistoni huruka mbele, upepo hubanwa kufumba na kufumbua, nao hukisukuma kidonge cha risasi kupitia mtutuni.

Hapo ndipo penye siri ya taabu yote. Bunduki ya baruti ina kishindo kimoja, cha kurudi nyuma begani. Hii ina viwili. Pistoni ikienda mbele, bunduki hurudi nyuma. Kisha pistoni hufika mwisho wa bomba, ikagota katika ule mto wa upepo uliobanwa, na bunduki nzima hurukia mbele. Mambo haya hutukia katika sehemu ndogo mno ya sekunde, na kidonge kingali ndani ya mtutu. Kwa hiyo kidonge husafiri katika mtutu unaotikisika, na ikiwa mtikisiko wa leo si sawa na wa jana, hata mpiga shabaha hodari hatakipeleka pale alipokusudia. Wenye kuweka darubini juu ya bunduki hizi hujua jambo hili kwa hasara ya mfuko: darubini iliyotengenezwa kwa bunduki ya baruti mara nyingi huharibika juu ya bunduki ya springi, kwani haikuundwa kustahimili kutupwa mbele.

ZIPI KWA ZIPI

Waingereza na Wajerumani ndio waliozitia bunduki hizi katika ustadi. Kiwanda cha BSA cha Birmingham, kilichoasisiwa mwaka 1861 kwa silaha za vita, kilianza mwaka 1905 kutengeneza bunduki za upepo kwa hataza ya Lincoln Jeffries. Mwaka 1948 kilitoa Airsporter, na mwaka 1959 kikatoa Meteor, iliyokuwa nyepesi na ya bei nafuu. Ujerumani kulikuwa na Diana za mji wa Rastatt, za kampuni iliyoanzishwa mwaka 1890, na Weihrauch, yenye asili ya mwaka 1899, iliyohamia Mellrichstadt baada ya Vita Vikuu vya Pili.

Chapa ni nyingi, ila mtu akiziweka mezani ataona kwamba aghalabu ni za namna mbili.

Namna ya kwanza ni ile ambayo mtutu wenyewe huvunjwa katikati ili kuikunja springi. Meteor ni ya namna hii. Huwa nyepesi, husafishika kwa urahisi, na kidonge hutiwa kwa kidole moja kwa moja nyuma ya mtutu. Aibu yake ni kwamba mtutu una bawaba, na bawaba ikilegea mtutu haurudi pale pale kila ufungwapo. Mtu akiulenga ukuta kwa bunduki ya bawaba legevu atalaumu macho yake bure.

Namna ya pili mtutu haukunjiki. Springi hukunjwa kwa mkono wa chuma uliolala chini ya mtutu. Airsporter ni ya namna hii, na HW77 ya Weihrauch, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndiyo iliyowafanya wengi waisifu namna hii. Mtutu ukiwa umetulia mahali pamoja, vilengeo na mtutu haviachani. Lakini uzito huongezeka, nao hukaa mbele. Mtu mwembamba atakayeizungusha shambani kutwa nzima ataurudisha mkono nyumbani ukitetemeka.

Kisha huja swali la nguvu, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Ujerumani, bunduki ya upepo inayouzwa bila kibali haipiti jouli 7.5, nayo hupigwa alama ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano. Uingereza mpaka ni kama jouli 16. Kwa nguvu hiyo ya Uingereza, kidonge cha milimita 4.5 chenye uzito wa nusu gramu hutoka kwa mwendo wa mita 250 kwa sekunde, na kile cha milimita 5.5, kilicho karibu na gramu moja, hutoka kwa mita 180. Kidonge kidogo huenda kwa njia iliyonyooka zaidi. Kikubwa huchelewa kidogo lakini hutua kwa kishindo zaidi.

Madukani zipo zinazotangazwa kwa mwendo unaofikia ule wa sauti, yaani mita 340 kwa sekunde. Tangazo hilo humtia mtu tamaa. Lakini kidonge cha bunduki ya upepo kina kiuno chembamba na sketi nyuma, na umbo hilo halipendi mwendo huo; kikiukaribia huyumba hewani. Zaidi ya hayo, springi itoayo nguvu hiyo huipiga teke bunduki yenyewe, na kuikunja ni kazi ya mzee kuitisha kijana. Yule wa jouli 12 anayegonga kitu cha ukubwa wa shilingi kila mara amemshinda yule wa jouli 25 anayegonga sinia mara moja moja.

Wenye mashindano waliyatambua haya zamani. Shindano la bunduki ya upepo liliingia katika Michezo ya Olimpiki huko Los Angeles mwaka 1984, kwa umbali wa mita 10, na doa la kumi katikati ya shabaha lina upana wa nusu milimita tu. Kiwanda cha Feinwerkbau cha Ujerumani kiliwahi kuwatengenezea washindani bunduki ya springi ambayo bomba na mtutu wake viliteleza juu ya reli ili kishindo kisimfikie mpigaji. Hawakutafuta nguvu. Walitafuta utulivu.

KUISAWAZISHA

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono. Mpiga udi hazikazi nyuzi mpaka zikatike, wala haziachi zikalala; huzikaza mpaka zikubaliane. Na bunduki ni vivyo hivyo. Na utaratibu ni kuanza na yasiyo na gharama.

Kwanza, skrubu za kitako. Vile vishindo viwili huzilegeza siku baada ya siku. Bunduki ambayo jana ilikuwa nzuri na leo imekataa, aghalabu haina ugonjwa mwingine. Zikazwe kwa bisibisi inayoingia sawasawa, zisikazwe hata mbao ikapasuka. Katika nchi ya mvua nyingi kama Tongaren, mbao hunywa maji msimu wa masika na kusinyaa kiangazi, basi kila msimu yataka kuzitazama. Pwani adui ni chumvi ya hewa: mtutu ufutwe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kidogo mno.

Pili, vidonge. Mitutu miwili ya kiwanda kimoja inaweza kutofautiana katika kuchagua kidonge, kama ndugu wa tumbo moja wasiopenda mchuzi mmoja. Zinunuliwe namna tatu au nne, za kichwa cha mviringo na za kichwa bapa, kisha kila moja ipigwe mara tano katika karatasi umbali wa mita 10, bila kubadili mkao. Asitazamwe aliyegonga katikati. Atazamwe ambaye matundu yake matano yamekaa pamoja. Kuyapeleka matundu katikati ni kazi ya kilengeo. Kuyakusanya ni kazi ya bunduki na kidonge chake.

Tatu, namna ya kuishika. Bunduki ya baruti hubanwa begani. Hii ukiibana unaigombeza, nayo itajibu. Iwekwe juu ya kiganja kilichofunguliwa, kama achukuliwavyo mtoto mchanga, na kitako kiguse bega bila kusukumwa. Isiegemezwe juu ya ukuta wala gogo, kwani itaruka kutoka kwenye kitu kigumu. Ikibidi kuegemeza, mkono uwe kati. Kila upigaji ufanane na uliotangulia. Bunduki huachiwa itikisike inavyotaka, mradi itikisike vile vile.

Nne, kifyatulio. Kizito mno humfanya mtu aivute bunduki nzima pembeni. Chepesi mno huenda kikafyatuka kwa mtikisiko tu. Penye skrubu ya kurekebishia, igeuzwe robo kwa robo, na kila baada ya kugeuza bunduki itiwe na kujaribiwa ikiwa imeelekezwa mahali salama. Kwa hali yoyote chuma cha kifyatulio kisipigwe tupa na mtu asiyekijua.

Tano ndiyo kazi ya ndani, na hapa natoa onyo. Springi iliyomo bombani imebanwa hata bunduki ikiwa haikutiwa. Anayefungua kizibo cha nyuma bila kukishika kwa jiliwa ya kazi hiyo huenda akapigwa na springi usoni. Kazi hii ni ya fundi. Lakini mwenye mali ajue fundi afanye nini, ili asilipe kwa lisilofanywa.

Fundi ataitoa springi na kuilaza juu ya kioo. Iliyopinda au kufupika itupwe. Mpya isiwe ndefu kuliko ya kiwanda kwa tamaa ya nguvu. Ataitazama fimbo iliyo ndani ya springi inayoiongoza: ikiwa imelegea, springi hucheza na kuacha mlio wa kutetemeka kama sahani iliyoanguka. Fimbo iliyokerezwa ikaenea vema huuondoa mlio huo, na bunduki ikafyatuka kwa neno moja badala ya maneno kumi. Ataipiga msasa laini mikwaruzo ya bomba. Ataitazama ngozi ya pistoni. Za zamani zilikuwa za ngozi kweli, kama ya pampu, nazo hutaka tone la mafuta zisikauke, ilhali mpya ni za plastiki ngumu na hazitaki mafuta mengi. Atapaka grisi nzito kidogo juu ya springi ili kuituliza. Mafuta yasivuke mbele ya pistoni, kwani upepo ukibanwa kwa ghafla hupata joto, na mafuta huwaka humo kama katika injini ya dizeli. Moshi na mlio mkali huo watu huufurahia wakidhani bunduki imepata nguvu, kumbe inajila yenyewe.

Mwisho ni bawaba na kile kipete kinachozuia upepo kati ya bomba na mtutu. Unyoya mdogo uwekwe karibu na kiungo hicho, bunduki ifyatuliwe na kidonge ndani; unyoya ukiruka, upepo unavuja, na kipete kibadilishwe.

Pana miiko mitatu kwa kila mwenye bunduki hii. Isifyatuliwe tupu bila kidonge, kwani pistoni hukosa ule mto wa upepo ikagonga chuma. Isiachwe imetiwa saa nyingi, kwani springi huchoka, na mtoto hupita. Na wakati wa kutia kidonge, mkono mmoja uushike mtutu au mkono wa chuma bila kuuachia, kwani kifyatulio kikiteleza vidole vitakuwa ndivyo vilivyokatwa.

KISU KISICHONOLEWA

Tumefika kwenye swali la jikoni. Kurani tukufu, katika aya ya tatu ya Suratul Maida, imemtaja *mawqudha*, yaani mnyama aliyekufa kwa kupigwa na kitu kizito, miongoni mwa walioharamishwa, ila yule atakayewahiwa kuchinjwa. Adiy bin Hatim alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya windo la fimbo ya kurusha, akajibiwa kwamba lililopatwa kwa makali yake laliwa, na lililopatwa kwa ubavu wake haliliwi. Imepokewa kwa Abdallah bin Umar kwamba ndege aliyeuawa kwa *bunduq*, kile kidonge cha udongo, alimhesabu kuwa ni *mawqudha*. Na Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika *Minhaj* inayosomwa katika darsa zetu za pwani, amekitaja kidonge hicho kwa jina miongoni mwa vitu ambavyo windo lake likifa halihalaliki.

Baruti ilipoenea wanazuoni walitofautiana. Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, aliona kuwa risasi hupenya mwili kama mshale, basi windo lake ni halali. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki miaka miwili baadaye, aliona kuwa risasi huua kwa uzito na msukumo wala haina makali. Nasi tulikwisha kuona kwamba bunduki ya upepo ndiyo iliyo karibu zaidi na kile kidonge cha asili. Kwa mfuasi wa Imam Shafii, njia ya salama iko wazi: ndege aanguke akiwa na uhai wa kutulia, achinjwe upesi kwa kisu. Akifa kabla ya hapo, aachwe. Na mwenye shaka zaidi amwendee mwanazuoni wa mtaani kwake.

Lakini hata kabla ya kuula, liko suala la kumpiga. Mtume alikataza kumfanya kiumbe hai kuwa shabaha ya mchezo. Abdallah bin Mughaffal alimkataza jamaa yake kurusha vijiwe kwa vidole, akimweleza kuwa Mtume aliukataza mchezo huo, kwani hauwindi wala haumshindi adui, ila huvunja jino na kupofua jicho. Jamaa alipourudia, aliapa kutosema naye. Mzazi anayemkabidhi mtoto bunduki ya upepo na kumwachia miti ya jirani na alikumbuke jicho hilo. Kidonge cha jouli 7.5 chatosha kulitoa.

Na ipo hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aws, kwamba Mwenyezi Mungu amefaradhisha wema katika kila jambo, na mwenye kuchinja anoe kisu chake na kumpa mnyama wake raha. Twajua sote kwamba kisu butu ni dhuluma. Basi bunduki iliyolegea skrubu, yenye springi iliyopinda na kidonge isichokipenda, mikononi mwa asiyejua kuishika, ni kisu butu. Kuisawazisha ndiko kuinoa.

SHERIA NA KUMBUKUMBU

Liko neno la serikali. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeendelea kuwakataza watu kuwinda kwa michezo na burudani. Anayesumbuliwa na ndege shambani aulize kwanza Shirika la Wanyamapori, asijitungie ruhusa. Na anayeitaka bunduki yenyewe, ajapokuwa na nia ya karatasi tu, aanze kwa Bodi ya Leseni za Silaha kabla ya kwenda dukani. Haifai kusema mbele ya hakimu kwamba ni ya upepo.

Tongaren na jirani zake wana sababu zao za kutoichukulia bunduki kwa mzaha. Huko Chetambe, karibu na Webuye, mwaka 1895 Wabukusu walijihami ndani ya boma lao dhidi ya jeshi lililoongozwa na Mwingereza Hobley, na chanzo kimoja cha ugomvi kilikuwa ni bunduki zilizoingia mikononi mwa wenyeji kutoka katika misafara. Mikuki haikuweza kuikabili bunduki ya mfululizo. Na baina ya 2006 na 2008, ugomvi wa ardhi katika Mlima Elgon uliwatoa watu wengi makwao kwa mtutu wa bunduki. Katika nchi yenye kumbukumbu kama hizo, mtu akitembea njiani na kitu chenye umbo la bunduki begani, jirani hana haja ya kujua springi imo au baruti imo. Ifungwe katika mfuko wake, na jirani aambiwe mapema.

Mtu akiyatimiza yote haya huenda akagundua kwamba karatasi iliyobandikwa juu ya debe la mchanga, mita 10 kutoka kwenye kibaraza, yamtosha; na kwamba matundu matano yaliyoingiliana hata yakawa tundu moja humpa furaha isiyomtoa damu ndege yeyote. Ndege wa alizeti watafukuzwa kwa debe na kwa watoto kama zamani. Na ikiwa siku moja sheria imemruhusu na haja imembana, basi mkono wake utakuwa umekwisha kujifunza na chombo chake kitakuwa kimenolewa. Asiye tayari kuinoa, na aiweke chini.